Kitabu Nilichokikata kwa Wembe

Kasokola, Jumanne, Machi 1996

Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuliko mawingu.

Mwaka juzi nilimaliza kuandika kitabu, kwa mkono, kwenye kaunta buku. Nakala ilikuwa hiyo moja tu. Walimu wenzangu wakawa wanakigombania, nikajifanya mjanja: nikakikata kwa wembe vipande sita, kila mmoja asome chake kisha wabadilishane. Jina langu lilikuwa kwenye jalada tu.

Kilichorudi ni jalada.

Wakati ule sikuumia sana. Nilijipa moyo kwamba kitabu si karatasi, ni maneno, na maneno yanasomwa huko yaliko. Nilijiona mtu wa mawazo makubwa.

Leo nimekwenda Sitalike kununua mchele, nikajikinga mvua barazani kwa mama mmoja muuza karanga. Alikuwa anabangua na jirani zake huku anawasimulia habari za mwanamke ambaye mumewe alikwenda kuvua ziwani, Kapalamsenga, asirudi. Kila jioni akawa anamwekea ugali, anaufunika. Huyo ni mama yangu, niliyemwandika kitabuni, na kaburi lake liko hapa Kasokola, nyuma ya nyumba.

Kwenye kitabu changu ugali ulilala, asubuhi mama akaula mwenyewe. Kwa muuza karanga, jirani mlafi ananyemelea anaumaliza, na yule mke mjinga anashangilia kwamba mume karudi. Wanawake wakacheka mpaka karanga zikamwagika.

Nikamuuliza hadithi hiyo kaitoa wapi.

"Ya zamani hiyo, mwalimu. Nyie wasomi hata hadithi za kwenu hamzijui?"

Ningesema ni yangu, ningeonyesha nini? Jalada? Kitabu kizima kingemtetea mama. Kingesema alijua fika mume harudi, na ugali aliuweka kwa sababu nyingine. Sababu hiyo ilikuwa kwenye kipande cha sita. Nimejaribu jioni hii kuiandika upya, sikumbuki nilivyoisema. Maneno niliyoyaona hayahitaji karatasi, hata mimi mwenyewe sinayo.

Nimewalaumu walimu, nimeulaumu wembe. Lakini kinachoniuma ni kingine, na hapa siwezi kumdanganya mtu.

Wenzake walipocheka, yule muuza karanga alinigeukia aone kama hadithi imenipendeza.

Nikacheka nao.