Siku Niliyoichana

Jumanne, 3 Machi 1998
Kuta zinatoka jasho tena. Nguo hazikauki. Shangazi Rukia yuko soko la Zhanqian ananunua mali, mimi nalinda marobota chumbani. Nasoma tena kitabu cha kalenda ya Wamaya, watu wa kale, alichoacha mpangaji wa zamani. Majina ya siku ishirini, namba kumi na tatu, vinazunguka pamoja. Kila siku ni mchukuzi: huja na mzigo wake mgongoni, kisha huutua. Huwezi kumbadilishia mzigo.
Bibi Liang, mwenye nyumba, ameniuliza kwa Kichina kama nimekula. Huuliza kila asubuhi. Hakuna mwingine anayeniuliza kitu.

Alhamisi, 5 Machi
Bibi Liang amerusha sarafu tatu mezani, mara sita, akachora mistari. Mzima au uliokatika. Nimekumbuka nukta za ramli Tanga, moja au mbili. Nimepiga hesabu: alama sitini na nne. Mstari mmoja aliutia duara, akachora alama nyingine, na mstari ule umegeuka. Kwa Wachina mambo hugeuka. Kwa Wamaya hupita tu. Sina wa kumwambia.

Jumamosi, 7 Machi
Kalenda ya Bibi Liang inaning'inia mlangoni. Kila karatasi inasema siku hiyo inafaa kwa lipi. Jumamosi ijayo natimiza miaka kumi na saba. Nilitaka kujua siku yangu imebeba nini. Niliona haya kuuliza. Nikaichana karatasi yake.
Siwezi kusoma hata herufi moja.

Jumapili, 8 Machi
Kelele mlangoni. Shangazi amenitafsiria: siku ile niliyoichana ndiyo waliyoichagua mwana wa Bibi Liang afungue duka. Siku ikichanwa kabla haijafika, ni mkosi.
"Wachina na kalenda zao!" Shangazi kacheka mpaka kakohoa. "Eti bibi wa watu kaibiwa siku! Na wewe mwanangu, mbona umenuna?"
Naogopa.

Jumatatu, 9 Machi
Nimempelekea karatasi. Sikuwa na Kichina cha kueleza kuwa ni mimi, nikajigusa kifua. Ameitazama, akanitazama, akafunga mlango.

Alhamisi, 12 Machi
Ameirudisha mahali pake kwa gundi ya wali uliopondwa, inang'aa pembeni. Hajaniuliza kama nimekula. Sikujua swali dogo hivyo lingeacha shimo. Nachukia kitabu changu.

Jumamosi, 14 Machi
Duka limefunguliwa. Maua mpaka barabarani. Nimetazama kutoka dirishani. Shangazi hakukumbuka siku yangu.

Jumapili, 15 Machi
Asubuhi, mvua nyembamba. Bibi Liang alikuwa anachana karatasi ya jana. Kwa kawaida huitupa. Leo ameikunja, akaniwekea kiganjani. Imeshatua mzigo wake, haina kazi tena. Wamaya wamesema kweli. Wachina pia, maana uso wake umegeuka.
Akaniuliza kama nimekula.
Nilikuwa nimekula. Nikatikisa kichwa: bado.