Zebaki ya Jikoni Kwangu

Makongolosi, Chunya
9 Machi 2025

Dada yangu Yudith,

Shikamoo. Leo inatimia miaka arobaini na mitatu tangu nishuke Vudee kwa miguu hadi Makanya, nikiwa na sanduku la mbao na umri wa miaka ishirini na mitano. U hali gani? Magoti je? Mvua zimeshafika, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Sisi huku ni wazima. Wifi yako Rogathe anakusalimu na kusema ulimi wake bado unayakumbuka makande yako.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako, dada, hupokelewa na ukoo mzima. Hii uisome peke yako kwanza, kisha uamue mwenyewe nani wa kumsomea.

Mwaka juzi alikuja hapa mtafiti, daktari kijana aitwaye Doris. Alitaka damu ya watu wa aina mbili: wanaochoma zebaki, na wasioigusa kabisa. Zebaki ni ile fedha ya majimaji uliyoiona kwetu ndani ya chupa. Hunasa dhahabu iliyo kwenye mchanga, vikawa donge moja. Donge likichomwa, zebaki hupaa kama mvuke usioonekana wala kunuka, dhahabu ikabaki. Mimi, muuza madaftari, nilijiandikisha kwa wasioigusa.

Baada ya miezi kadhaa Doris alirudi, akakaa kibarazani akatueleza kazi yake. Huchuja chembe nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili, akazigawa kwenye vibakuli vya maabara. Vingine huvitia chumvi ya zebaki kidogo mno, vingine haviguswi. Penye zebaki, kemikali zinazoita chembe vitani huongezeka, na zile zinazozituliza hupungua. Nikamwambia nimeelewa, maana hata sisi Wapare tunayo hayo. Pembe ikipulizwa alfajiri, watu hutoka na majembe kwenda kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua ndiva, bwawa letu la maji ya mashamba. Kazi ikiisha, yuko mzee wa kuwaambia rudini nyumbani. Zebaki hupuliza pembe pasipo kazi, kisha humziba mdomo yule mzee. Watu wenye majembe lakini wasio na cha kuchimba, mwishowe watachimba misingi ya nyumba zao. Doris alicheka, akasema kwenye ripoti hawezi kuandika hivyo, lakini darasani atasema.

Kisha akaacha kucheka. Akasema damu yangu, iliyowekwa upande wa wasafi, ina kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, na mkojo wangu una zebaki kuwazidi baadhi ya wachomaji. Akauliza kwa upole kama fomu niliijaza mwenyewe au nilijaziwa na mtu. Rogathe, aliyekuwa anamimina chai, akamwambia kwamba babu alijaza fomu ya dukani tu. Ya jikoni angeijaza yeye.

Ndiyo, dada. Mbele nilikuwa na duka la madaftari. Nyuma, kwa karibu miaka thelathini, nilichoma madonge ya wachimbaji kwenye jiko letu la kupikia. Niliona haya kusema, kwa kuwa hapa naitwa msomi. Doris hakunikemea. Aliniambia tu kwamba uongo wangu ungewafanya wachomaji waonekane wazima, kwa sababu wangelinganishwa na mgonjwa mwenzao. Nimesoma vitabu vingi. Sikumbuki sentensi iliyonichoma kama hiyo.

Tangu siku ile sijachoma tena. Siku hizi nawaonyesha wenzangu chombo cha chuma chenye mfuniko, kinachoukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Baadhi wananiita Profesa Sufuria na kuniuliza leo napika nini. Lakini wachomaji kumi na mmoja wamekubali, na wote wamehamisha kazi mbali na nyumba zao. Mwezi uliopita Doris alinipima tena: zebaki imeshuka sana, na kingamwili zile zimepungua. Anasema mtu mmoja si ushahidi. Nilimwona, hata hivyo, akitabasamu alipokuwa anaandika.

Sasa nifikie lililonikalisha mezani.

Mwaka 1996 ulikuja kumuuguza Rogathe alipojifungua, ukakaa kwetu miezi mitatu. Ulipika kila siku kwenye jiko lile, na kikaango ulichokaangia vitunguu ndicho nilichochomea. Uliporudi Vudee mikono ikakutetemeka, fizi zikatoka damu, ukakosa usingizi, ukawa mkali hata kwa kuku. Nyumbani wakasema ni chai aliyokupokea nayo Kuluthumu, mjane wa kaka yetu Anold. Wakasema Mwislamu wa Makanya ameingia kwenye ukoo na dawa zake. Wakamnyima zamu ya maji ya ndiva, mahindi yake yakakauka, akashuka kwao. Hamjasalimiana tangu wakati huo.

Doris amekataa kuapa kwamba ni zebaki iliyokuumiza. Anasema hakukupima wakati ule. Mimi siwezi kujificha nyuma ya tahadhari yake. Niliona kijiko kikitetemeka mkononi mwako ukiwa bado kwangu, wiki mbili kabla hujapanda basi, kabla hujaionja chai ya Kuluthumu. Barua yenu iliponiuliza maoni, nilijibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Mungu alijua, na mimi nilijua. Nisamehe, dada.

Rogathe ameapa kwamba nisipoandika atapanda basi aje kukwambia mwenyewe, wewe wifi yake. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Nenda ukapimwe, ingawa mikono imetulia. Uwaeleze madaktari kuhusu jiko langu. Kisha shuka Makanya, umkute Kuluthumu akiwa hai, umsomee barua hii mpaka mwisho. Naamini atakukaribisha ndani. Yule hakuwa mtu wa kufunga mlango.

Shamba langu la chini ya ndiva, mlilonitunzia nije kuzeekea, namkabidhi Kuluthumu pamoja na zamu yake ya maji. Barua kwa mwenyekiti wa kijiji nimeiambatisha na nimeitia sahihi. Wasalimu watoto na wajukuu, na kanisa lote. Usiniandalie chumba tena, dada. Sitarudi Vudee.

Ndugu yako,
Nicolaus