Dhahabu kwenye masharubu ya daktari wa meno

Shoga, acha unachofanya usome hii. Nikikosea herufi, ni hasira, si uzee.

Leo nilikuwa kliniki kwa yule daktari wa meno, nikimtilia dhahabu kioo cha mlango ili niandike jina lake. Unazijua zile karatasi zangu za dhahabu, hata pumzi inazipeperusha. Napitisha brashi shavuni ipate mafuta kidogo, nanasa karatasi, nailaza taratibu kwenye kioo kilicholowa.

Bwana mkubwa akaja kuchungulia, akasema kuna joto. Akawasha feni! Shoga, FENI!

Dhahabu yote niliyoifungua ikapaa chumba kizima.

Unajua alisema nini? “Pole, bibi. Macho yamechoka, na mikono pia. Nitamwita fundi wa stika aje abandike jina.” Mbele ya wagonjwa! Macho yamechoka! Mimi!

Sikufunga sanduku langu ng'o. Nikaenda kuizima feni mwenyewe. Nikamwambia, “Baba, kaa hapo, na usipumue sana.” Nikalaza karatasi sita zilizobaki, kila moja ikipanda kidogo ukingo wa mwenzake. Hakuna hata moja iliyojikunja. Mgonjwa mmoja, shavu limemvimba hivi, akanipigia makofi.

Daktari akakohoa. “Haya, endelea, mama. Stika sitaki tena.”

Nikaendelea. Alikuwa na kipande cha dhahabu kimemganda kwenye masharubu, kinang'aa, na akaingia nacho hivyo hivyo kwa wagonjwa.

Sikumwambia. Si macho yangu yamechoka? Basi sikukiona.