Kwa Binti Yangu Anayesoma Mapafu ya Batoto Bachanga

Mupendwa binti yangu Riziki,

Barua hii sikuifunga. Atakayeibeba kutoka huku Swima mpaka kwako Baraka aisome njiani, na aliyekaa kando yake aisome, wajue nina mutoto wa namna gani. Mimi niliishia mwaka wa ine wa primeri, lakini jina lako na neno munganga, ndiyo daktari, siwezi kukosea.

Mudogo wako Alimasi ndiye aliniwekea karatasi mbele. "Mama, andikia dada atoke Baraka. Masasi ya vita iko inakaribia. We ukimuita, atasikia." Nikamuambia sawa, nitamuita. Leo siku ya tatu kalamu iko mukononi.

Unakumbuka tulipokimbia vita kutoka Lubondja? Ulikuwa na miaka tisa, Alimasi uko naye mugongoni, kifua chake kinalia. Kila tukipumzika unamushusha, unaweka sikio kwenye mugongo wake, halafu unaniambia, "Anapumua, Mama. Twende." Ndiyo maana watu wakiniuliza ulisomea wapi, nawaambia masomo ya Bukavu yalikuja nyuma.

Lakini siku ninayoisimulia sana hapa ni ile niliyokuletea chakula cha sombe, majani ya muhogo, kazini kwako hospitali ya Baraka. Nilikukuta umeinamia mutoto aliyezaliwa asubuhi ile, mama yake amepasuliwa. Anapumua mbio, pua zinafunguka, mbavu zinaingia ndani. Baba yake ameshapata pikipiki, anataka kumukimbiza Uvira, na kwenye barabara ile walikuwa wanapigana. Wewe umeshika ile mashine ndogo ya ekografi, ambayo sisi bamama tunaijua ya kuangalia mimba, unaiweka kwenye kifua cha mutoto.

Jel, ile ya kupaka kwenye ngozi ili mashine ione, ilikuwa imeisha, hakuna gari ya dawa iliyofika. Nyanya ya mutoto alikuwa amemupaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mawese, mwili muzima, akaanza kumupangusa kwa haya. Ukamuambia, "Koko, acha hayo mafuta. Ndiyo yatanisaidia."

Baba akanuna. "Mutoto anakufa, huyu musichana iko anaangalia televizyo."

"Televizyo hiyo inaonyesha kifua cha mutoto wako," nikamuambia. "Kaa, baba. Huyu nilimuzaa mimi."

"Mama, nyamaza," ukasema bila kugeuka. Sikukasirika. Kidogo tu.

Ukapitisha kile kichwa cha mashine polepole katikati ya mbavu, mbele, ubavuni, mugongoni, upande huu na ule. Ukatuonyesha: huku chini ya mapafu mistari myeupe inashuka mingi, imeshikana, kule juu ni michache. Na ukingo wa mapafu ni mwembamba, laini, unateleza kila akivuta pumzi, hakuna mahali palipokatika. Ukasema, "Ni yale maji ya tumboni mwa mama, hayajatoka yote kwenye mapafu. Yatakauka. Hapa iko na oksijeni. Juu ya pikipiki hakuna."

"Na kama umekosea?" baba akauliza.

Hapo niliona unaogopa, maana unapoogopa unavuta mudomo wa chini kama marehemu baba yako. Ukamuambia, "Baada ya saa mbili nitaangalia tena. Mistari ikiongezeka, mi mwenyewe nitapanda hiyo pikipiki pamoja na mutoto."

Uliangalia mara tatu, na kila mara mistari ilikuwa imepungua. Kesho yake mutoto alinyonya. Yule baba akanitafuta mimi, siyo wewe, aombe musamaha, nami nikamukubalia kama vile mashine ilikuwa yangu. Pikipiki zilizokwenda Uvira siku ile zilinyang'anywa, wenyewe wakarudi kwa miguu.

Sikudanganyi, Riziki, naogopa. Nikisikia mulio wa masasi upande wa Baraka, natoka mpaka mulangoni. Ningependa ukae hapa nikuone ukila. Lakini kila nikitaka kuandika neno "toka", namuona baba mwingine amewasha pikipiki, na mashine iko juu ya meza, na hakuna muntu wa kumuambia angoje.

Basi sikuiti. Alimasi amekupatia nafasi moja kwenye boti ya Alhamisi inayotoka Baraka kuja huku, usiiache tupu. Chagua mama mumoja asiye na pa kwenda, ambaye mutoto wake umeshamuangalia na pumzi yake imetulia, umupandishe. Mwambie atafute mwanamuke munene anayesema sana ufukoni huku Swima, mwenye kitenge kikavu mukononi. Alimasi atapiga kelele. Huyo niachie mimi.

Kula, hata kama ni kusimama. Nakukumbatia mpaka unisukume.

Mimi mama yako, anayekuogopea na anayejisifu juu yako,
Mama Riziki