Kwa Dada Aliyetuvusha Lami na Maksai

Mpendwa dada,

Mwangaluka, kama tunavyosalimiana kwetu. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu simu yako haipatikani kabisa. Tangu wewe na shemeji mhamie Katavi na ng'ombe, kila nikipiga naishia kuongea na yule mama wa mtandao. Mara ya mwisho shemeji aliniambia kwamba huko kwenu mtu akitaka kupiga simu anapanda kwanza kichuguu. Basi barua hii itakufikia kwa mkono wa yeyote anayekuja mnadani huko, na wengine wakiisoma njiani si vibaya, maana habari yenyewe ni njema.

Nimesema kikaoni, dada. Mimi. Kwa sauti, na watu wakasikia.

Najua unacheka. Jina la Kasungura ulinipa wewe, kwa jinsi nilivyokuwa nikiruka kila gari lilipopiga honi. Unaikumbuka ile lami ya Nyashimo, mabasi ya Mwanza na Musoma yakipita kana kwamba yanafukuzwa? Nyumba zetu huku, shule ng'ambo. Tulisimama ukingoni na madaftari yetu, tukanyoosha shingo, tukaingiza mguu mmoja, tukaurudisha.

Wewe ulikuwa umeshamaliza darasa la saba, na kazi yako ya asubuhi ilikuwa kupeleka maksai malishoni. Ukaona jambo ambalo wakubwa hawakuliona: madereva wale hawakuwa na breki kwa ajili yetu, lakini kwa ng'ombe walikuwa nazo. "Mtoto akigongwa anaitwa polisi," ulituambia. "Ng'ombe akigongwa anaitwa mwenye ng'ombe."

Kuanzia hapo ukawa unawazuia maksai mpaka tufike wote. Yule maksai Waziri mbele, mwenzake Katibu nyuma yake, sisi tumejipanga ubavuni, na mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote nimeshika mkia wa Katibu. Basi zima lilisimama. Dereva mmoja alitoa kichwa dirishani akafoka, "We binti, toa mifugo yako barabarani!" Nawe, fimbo begani, ukamjibu, "Tulia, kaka. Waziri anapita." Abiria walicheka kuliko sisi. Hata mwalimu mkuu alipokuja nyumbani kulalamikia kinyesi getini ulimpokea vizuri, ukaenda kufagia mwenyewe, na kesho yake Waziri akajisaidia palepale, polepole, macho yamemwelekea mwalimu.

Sasa sikiliza. Hapa Bariadi ninapofanya kazi ya ukarani, mji umeamua kuweka watu wa kuvusha wanafunzi. Wamepatikana wawili tu, na kila mtaa unawataka. Bosi wangu alinituma asubuhi kadhaa nikaangalie watoto wanavukia wapi. Nikaenda, nikasimama, nikaona. Wengi hawavukii kwenye zebra ya karibu na ofisi zetu. Wanavukia kule chini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mahali ambapo malori yenye shehena yanakata kona bila kuona aliye mbele. Niliona kaptula na sketi za shule zikipita mbele ya matairi, nikaruka nyuma kama zamani.

Siku ya kikao niliitwa kuandika tu. Mwenyekiti akasema mmoja awekwe sokoni, wa pili kwenye zebra, na wote wakakubali kwa kichwa. Bosi akabaki anapekua mafaili. Dada, mkataba wangu ni wa muda, na wewe unajua nilivyo. Nikiambiwa "njoo mara moja" naanza kufikiria nitarudi kwa usafiri gani nyumbani. Lakini msimu wa pamba ulikuwa umeshaanza, na malori yanazidi kila siku. Nikajikuta nimesimama.

"Samahani, mheshimiwa mwenyekiti. Watoto hawapiti zebra."

Diwani mmoja, mzee mwenye sauti kubwa, akanigeukia. "Karani, umeitwa kuandika au kuhutubia?"

Wakacheka. Nusura nikae.

"Wafundishwe kupita zebra," akasema mwingine.

"Kuna mtaro kabla ya kufika zebra," nikasema, kalamu ikaniponyoka ikaanguka. "Hauna daraja. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuuruka." Halafu yale maneno niliyoyaandaa yakanikimbia yote, likabaki moja tu. "Wanafuata njia ya ng'ombe."

Yule diwani akaegemea mbele. "Ipi? Ile ya kushukia kunywesha lamboni?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Inatokea kiwandani."

"Ah! Sasa mbona hukusema hivyo tangu mwanzo? Njia ile nimechungia mimi! Ng'ombe hawezi kuiacha, na mtoto ataiacha vipi?"

Ungewaona, dada. Kikao kikageuka kuwa kijiwe. Kila mmoja akaanza kusimulia alivukia wapi na ng'ombe wa nani, mhasibu kutoka Tanga akiuliza lambo ni nini, mwenyekiti akigonga meza bure. Mwishowe wakakubaliana kwenda wote asubuhi kujionea. Wakaja. Diwani akajaribu kuuruka ule mtaro kuonyesha kwamba si kitu, na suruali yake ikachanika, ikatoa jibu kwa niaba yangu. Alicheka mwenyewe hadi akashika magoti. Palepale wakaamua: mmoja sokoni, mmoja njia ya ng'ombe. Bosi aliniambia tu, "Umefanya vizuri, ila kikao kijacho kalamu isianguke."

Aliyewekwa pale ni mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye kizibao cha kung'aa na bendera nyekundu. Jumatatu nilikwenda kumwona akianza. Lori la pamba likaja likipiga honi. Akaingia katikati ya barabara kwa mwendo wa Waziri, dada, mwendo uleule wa mtu asiyedaiwa haraka na yeyote, akainua bendera. Lori likasimama. Watoto wakaanza kupita.

"Na wewe karani," akaniita, "unavuka au unakagua?"

Nikavuka. Na nikiwa katikati ya lami nikajikuta nimenyoosha mkono mbele, vidole vimefunguka, natafuta mkia wa Katibu. Miaka yote hii, na mkono bado unakumbuka. Kabla sijaurudisha, katoto ka chekechea kalikokuwa kando yangu kakadhani ninakapa mkono. Kakaushika. Kaliubana hasa, kama mimi nilivyokuwa nikibana mkia ule, na hakakuuachia mpaka tulipofika ng'ambo.

Sikuruka honi ilipolia, dada. Nilikuwa nimeshikwa.

Wabeja, asante sana, kwa kila asubuhi ile. Nisalimie shemeji na watoto, na siku mtandao ukikubali, panda kichuguu unipigie.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kwenye mkia.