Baba Ameshakiandika Ukutani, Mimi Nataka Kingine

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nyumbani kwetu kila mtu anacheka isipokuwa mimi. Mimi ni mtoto wa kwanza, nimemaliza shule, nimefaulu, na tangu mdogo ninachotaka ni kazi ya fedha, siyo ile ya kukaa dirishani kuhesabu noti za watu, ni ile ya kukaa na mwenye biashara ukamwambia hapa kopa, hapa usikope, hapa unajidanganya. Nikaomba vyuo viwili vya biashara, vyote vikanikubali, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Cha kwanza nakiita Chuo cha Vioo kwa sababu jengo lake lote ni vioo, na jina lake analijua kila mtu, hata asiyejua kinafundisha nini. Cha pili kipo nyuma ya soko, ngazi zake zinalia ukipanda, na nikimtajia mtu ananiuliza, "Ndiyo chuo gani hicho?" Siku ya wageni nilikwenda kwenye Vioo, nikamuuliza kaka mmoja wa mwaka wa mwisho amejifunza nini hasa kwenye masomo ya fedha, akafikiri, akaniambia, "Mdogo wangu, hapa unakutana na watu wakubwa," nikamuuliza tena kama ameshawahi kuchambua hesabu za kampuni hata moja, akasema hilo ni somo moja tu, analisubiri muhula ujao, "lakini usijali, jina linatosha." Basi nikaenda na kule nyuma ya soko, mwalimu mmoja mama aliyewahi kufanya kazi ya mikopo benki akanikaribisha, akanimiminia chai, akanionyesha wanafunzi wa mwaka wa pili wakibishana na muuza vitambaa kama afungue duka la pili au asifungue, na muuza vitambaa mwenyewe amekuja na risiti zake kwenye mfuko wa plastiki, anabisha kweli kweli, nami nikasimama mlangoni, nikasema ni hapa.

Sasa baba. Baba yangu ni mchora mabango, maduka yote ya mtaani kwetu yamepita mkononi mwake, na ana sharti moja ambalo halivunji kwa mtu: mteja lazima kwanza aandike maneno yake kwa chaki, kwa mkono wake mwenyewe, kwenye ubao ulio mlangoni, ndipo baba ashike brashi, maana hataki mtu aje kesho kumwambia "mimi sikusema hivyo." Hata mkuu wa shule yetu alipokuja na suti yake alipewa chaki. Lakini siku lilipokuja jibu la Vioo baba hakumuuliza mtu, narudi nakuta ukuta wote wa mbele wa duka lake umepakwa bluu, na herufi nyeupe kubwa kuliko za benki: BINTI YANGU NI MWANAFUNZI WA, halafu jina la Vioo, tena kwa rangi ya mafuta, mshauri, ile isiyotoka na mvua.

Tangu hapo anaitwa Baba Meneja, fundi pikipiki wa jirani humpigia saluti, na baba anajifanya hapendi huku shingo imerefuka. Mama peke yake ndiye aliyenitazama usoni akaniuliza, "Mbona hujafurahi?" nikamwambia kichwa kinauma. Ijumaa ijayo ndiyo mwisho wa kuthibitisha nafasi, vyuo vyote viwili, nikichelewa nakosa vyote. Nikisema, nimemvua nguo baba mbele ya mtaa mzima. Nisiposema, nitakaa kwenye vioo nikikutana na watu wakubwa. Je, nivumilie tu jina linibebe, au nithibitishe kule kingine kimyakimya, baba aje kujua nikishaanza?

Binti wa Mchora Mabango

*

Binti wa Mchora Mabango,

Kwenye saluti nilicheka, kisha nikakuhurumia, kwa hiyo vumilia nikikuuma huku nakupuliza.

Tuanze na vyuo. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na wewe ulifungua. Hongera, maana wengi wanaoniandikia huchagua chuo kama viatu vya harusi, wapendeze siku moja. Lakini mlango mmoja uliufungua vizuri na mwingine umeusukuma kwa kidole. Kwenye Vioo ulimbana mtu kwa maswali. Nyuma ya soko ulipewa chai. Yule mwalimu hukumuuliza wahitimu wake wameajiriwa wapi, wala kama wanafunzi wake hupelekwa kujifunza kazi ndani ya mabenki au hubaki na muuza vitambaa mpaka mwisho. Na jina usilidharau, kwenye kazi za fedha ipo milango ambayo jina huifungua kabla hujasema habari za asubuhi. Ila ukishaingia utawekewa hesabu mezani, na wale watu wakubwa hawatakuwepo kukusaidia kuzisoma. Jumatatu panda zile ngazi zinazolia, uulize, kisha uwatafute wawili watatu waliomaliza pale, uongee nao bila mwalimu pembeni. Majibu yakiwa mabovu, rudi kwenye Vioo bila haya na ujifunze kwa nguvu zako. Yakiwa mazuri, chuo umepata.

Sasa la baba, na hapa nagomba. Unataka kazi ya kumwambia mwenye biashara "hapa unajidanganya," na baba yako mzazi umeshindwa kumwambia "hapa hukuniuliza"? Wateja wako wa kesho watakuwa na kiburi kuliko yeye, na hawatakupenda hata robo ya anavyokupenda. Hilo la kimyakimya lifute kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtaa wenu una midomo. Baba atasikia kwa fundi pikipiki, na hapo ndipo utakuwa umemvua nguo. Rangi ya mafuta haitoki na mvua, ni kweli, lakini hufunikwa na rangi nyingine ya mafuta, na kazi hiyo baba yako anaifanya kila duka linapopata mwenyewe mpya.

Leo hii mwambie mama yako ukweli, alishauona kabla hujanena. Kisha Alhamisi asubuhi, wateja hawajafika, ingia dukani kwa baba, mwamkie, uchukue chaki. Usilaumu, usieleze. Andika ubaoni, kwa mkono wako, jina la chuo ulichochagua wewe, hata kama litakuwa lile lile la ukutani. Atanuna, pengine kutwa. Mwache anune. Sharti ni lake, na wewe ndiye mteja pekee aliyepakiwa rangi kabla ya kupewa chaki.