Mama Brian Wanne na Lori la Mabati

Kitale,
Jumapili mchana

Kwako Mama,

Pokea salamu za mwanao Nafula. Kabla hujauliza, niko mzima kuanzia kichwa mpaka miguu, na shangazi yangu Senge naye ni mzima. Goti lako likoje? Miche ya tumbaku imeshatoka kitaluni? Na Simiyu, nasikia kwa vile shule sasa ni za bure ameingia darasa la kwanza, na ati anakataa kuvua sare hata akienda kulala. Mwambie dada yake amecheka.

Najua dereva wa lori la mahindi alifika huko Malakisi akawaambia Kitale imeisha. Haijaisha, Mama. Upepo ulikuja saa tisa mchana ukiwa na mvua ya mawe, na mimi na Senge tukaingia chini ya meza yake ya kukandia mandazi. Tulipotoka, paa letu lilikuwa limekunjwa upande mmoja kama sikio la mbwa. Sisi tulibahatika. Kule nyuma ya msikiti nyumba nyingi zilibaki kuta tupu, na mabati ya watu tuliyakuta yamelala kwenye uwanja wa shule, mengine yamejikunja kabisa.

Huko nyumbani mimi nilijua serikali ni chifu na koti lake la kaki, basi. Huku nimeiona ikitoka jasho. Watu wa ujenzi wa baraza la mji walikata mikaratusi iliyoziba barabara siku mbili bila kupumzika, wanakula mkate wakiwa wamesimama. Idara ya maji ilileta bauza, lile lori la tangi, kila asubuhi. Afisa wa afya, mama mmoja mfupi mwenye gambuti miguuni, alitia dawa kwenye kila kisima akipiga kelele, "Chemsheni! Hata ya kupiga mswaki, chemsheni!" Watoto wakawa wanamfuata nyuma wakimwiga.

Sasa nakuja kwa jambo lililonifanya nikae chini niandike. Nimelibeba siku nyingi na wewe tu ndiye ninayeweza kumwambia.

Karani wa chifu alikuwa peke yake, na fomu kutoka ofisi ya D.O. wa tarafa zilikuwa za Kiingereza. Senge alipompelekea chai akamwambia, "Si niko na mtoto wa ndugu yangu hapa? Amemaliza Fomu Foo, anaandika Kizungu na Kiswahili. Shida yake ni moja tu, haongei."

"Safi," karani akasema. "Karatasi haitaki mtu wa kuongea."

Nikapewa kazi ya kuandikisha nyumba zilizopoteza paa. Jina la mwenye nyumba, watu wangapi wanalala pale, mabati mangapi yametoka. Namba ya kitambulisho aliniambia niache wazi, kwa sababu kadi nyingi zilikuwa zimelowa au hazijulikani ziliko, wangeonyesha siku ya kuchukua mabati ya serikali.

Nilizunguka siku tatu. Nilihesabu misumari, nilipima kuta, nilitafsiri vizuri mpaka karani akasema mwandiko wangu ni kama wa mashine. Lakini Mama, majina sikuuliza. Ningemwambiaje mama wa watu, mwenye umri wako, "Wewe unaitwa nani?" Wewe mwenyewe ulinifinya mdomo siku ile nilipotaja jina la nyanya yetu Kukhu mbele ya wageni. Sikulaumu, nakueleza tu. Kwa hiyo niliandika vile nilivyosikia wakiitwa na majirani. Mama Brian. Baba Hamisi. Mama Zuhura. Shosho wa Kona. Niliona hiyo ndiyo heshima.

Siku ya mabati, lori lilisimama kwenye uwanja wa chifu. Mzee wa stoo ya ujenzi, ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi, akafungua listi yangu.

"Mama Brian!"

Wanawake wanne wakasimama.

"Ni mimi," mmoja akasema. "Brian wangu ndiye mkubwa."

"Mkubwa wapi, bana? Wangu ako darasa la sita!"

Watu wakacheka. Mzee akaliruka jina hilo. "Baba Hamisi!" Wakatoka wawili, na mmoja wao paa lake halikuguswa hata msumari. Hapo kicheko kikaisha. Mzee akavua miwani.

"Nani aliandika hii? Hii ni ya serikali ama ni listi ya kualika watu harusi?"

Karani hakunitaja. Alisimama tu, anangoja. Na mimi, Mama, nilinyamaza. Nilikuwa nyuma yake, nikaangalia viatu vyangu. Watu wakaanza, "Si mnaona? Anataka kuuza mabati yetu!" "Hawa makarani tunawajua!" Mtu mzima wa umri wa Baba alikuwa anatukanwa kwa sababu ya mwandiko wangu, na bado mdomo haukufunguka. Mpaka mmoja alipomshika shati.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Ni mimi niliandika. Niliona haya kuwauliza majina."

Halafu mmoja wa wale Mama Brian akashika kiuno. "Wewe si ndiye Nafula? Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua? Kumbe ulituletea mvua, na sasa unatuzuilia mabati!" Wakacheka tena, na yule aliyeshika shati akaliachilia. Nashukuru kicheko kile mpaka leo.

Mzee wa stoo hakucheka. "Kesho saa sita lori hili linaenda Kachibora. Huko pia watu wanalala nje. Jina la kitambulisho, ama hakuna bati."

Ilikuwa saa nane. Senge aliacha mandazi yake akanisindikiza mpaka kona, akaniambia, "Piga goti kidogo. Taja jina lako kwanza, ndipo uombe la mwenzako." Akarudi. Nyumba zingine zote nilienda peke yangu.

Ya kwanza niliupita mlango mara mbili kabla ya kupiga hodi. Baba mmoja alisema, "Jina la bibi yangu unalitakia nini?" Nikamwambia ni la bati, akalitoa. Mama Zuhura, anayeuza mahamri mbele ya msikiti, alicheka hadi akafuta machozi kwa leso. "Mtoto, tangu nimzae Zuhura hajatokea mtu kuniuliza. Andika Rukia. Andika kubwa." Wale Mama Brian wanne walikuwa Everline, Grace, Chebet na Mary. Nilikuwa nakaa nao mtaa mmoja mwaka mzima na sikujua.

Asubuhi ilibaki nyumba moja, ya Shosho wa Kona. Ni nyanya aliyekuja huku na mume wake kutoka sehemu za Nyeri zamani, wakilima. Sasa ni mjane, paa lake liliondoka lote na alikuwa analala kwenye veranda ya kanisa. Nilipiga goti, nikataja jina langu, nikaomba lake.

"Jina langu lilikuwa la mume wangu kuita," akasema. "Andika Shosho."

"Hawatakubali, Shosho."

"Basi wapeleke hayo mabati Kachibora."

Ilikuwa inakaribia saa tano. Kitambulisho chake kilichukuliwa na maji, kwa hiyo hata kunakili nisingeweza. Kama ningekuwa yule Nafula wa zamani ningesema asante nikaenda nikalia. Lakini nilikumbuka karani akishikwa shati. Nikaketi chini, kwenye saruji, nikamwambia ukweli: kwamba nilikosa kwa kuogopa, na kwamba akilala nje mvua ijayo nitakuwa mimi niliyemlaza. Shosho akasogea akanipa nafasi kando yake.

"Alikuwa akiniita akitoka shamba," akasema. "Anaanzia mbali kule, ili nimimine uji kwa bakuli upoe." Kisha akasema polepole, "Njoki."

Tulienda uwanjani pamoja, ameshika mkono wangu. Chifu mwenyewe alitia sahihi kuwa anamjua. Mzee wa stoo akaanza kusoma upya, na ungeona watu, Mama! Kila jina likitoka wanageuka kumtafuta mwenyewe, "Kumbe wewe ni Everline?" "Rukia ni nani? Ai, ni Mama Zuhura!" Wanapiga makofi kama ni zawadi za shule.

"Njoki!"

Nyanya hakusonga. Nikamvuta mkono kidogo.

"Ngoja," akaninong'oneza. "Hebu aite tena."

Mzee wa stoo akaangalia saa, akaangalia lori, halafu akamwangalia yeye. Akaita tena, safari hii kwa sauti ya kutoka mbali.

"Niko!" akajibu, akaenda kuchukua mabati yake.

Watu wa baraza walimpigilia paa Alhamisi. Mtaa mzima ni nyundo tu, hata sasa ninapoandika. Karani ameniomba nimsaidie tena upande wa pili wa mji, na nimekubali kwa mdomo wangu mwenyewe, Senge hakunijibia.

Nisamehe kama nimekosea kuita wakubwa kwa majina. Niambie ukiona vibaya.

Msalimie Baba, Kukhu, Simiyu na sare yake, na mwalimu aliyenifundisha kushika kalamu. Msalimie pia yule mama anayetuletea maziwa kila asubuhi. Nimeketi hapa nikijaribu kumwandikia salamu zake na nimeshindwa, kwa maana miaka yote nimemwita Mama Maziwa. Muulize jina lake kwa heshima, Mama, useme ni Nafula anauliza, kisha uniandikie.

Ni mimi binti yako,
Nafula